Mpini wa Mkono wa Kushoto

Astelia alifika Keko saa nne, mvua bado inachuruzika kwenye mabati,
kwapani taulo la hoteli limeviringwa.
Nikadhani kuku.
Kumbe kisu, cha Kijapani, bapa refu jembamba,
maandishi yamechongwa karibu na msuka.
"Sijui yanasemaje," akasema, "ila nimeyaosha miaka sita."
Mpini wake ulikuwa umeoza. Mtu aliulaza usiku kucha
kwenye beseni, pamoja na vijiko.

Sisi hapa tunaunda vitanda.
Makabati. Makochi ya maharusi yenye miguu ya simba.
Hamduni, mwanafunzi wangu, akacheka: mpini?
Nenda Gerezani, dada, watakuchomelea bomba.

Hapo akatoa kwenye mfuko kipande cha mninga,
rangi ya buluu imebanduka nusu.
"Fremu ya mlango wa mama. Kimara.
Ile nyumba ilichorwa X."
Sikuuliza zaidi. Katapila halipigi hodi.

Nikampa kijiti cha ufagio: shika kama unapika.
Akakishika kwa kushoto.
Bibi yake aliwahi kuufunga kitambaa ule mkono, mbele za wageni;
mama akaufungua.
Kovu la mafuta limekata kiganja kama barabara mpya.
Nikapima kwa uzi, nikapiga mafundo matatu.

Randa ikaondoa buluu. Chini yake kijani,
chini yake nyeupe. Krismasi ngapi hizo?
Kisha mninga wenyewe, rangi ya chai iliyokolea,
na harufu yake, kama mti umekatwa jana.

"Pande nane," alisema. "Wenzetu wanachonga pande nane."
Nikamkumbuka mwalimu Lukindo
akitugongea mizani kwa rula juu ya dawati:
nane, pumzi, nane.
Nikachonga nikihesabu vivyo hivyo,
na upande wa sita ukanenepa, shairi likaharibika.
Nikarudia.
Saa nane umeme ukakatika. Heri yangu:
msasa haudai luku,
na ukimya ulinifanya nisikie pale mbao inapokataa.

Upande wa saba, tundu la msumari.
Kutu imelizunguka, nyeusi, kama jicho la kunguru.
"Tuzibe," akasema Hamduni, "unga wa mbao na gundi,
nani ataona?"
Nikampigia simu Astelia. Nikasikia sufuria, maji, mtu akimwita.
Kisha: "Hapo ndipo alipotundika ufunguo."
Kisha: "Acha."

Pete nimeikata kwenye pembe ya ng'ombe wa Vingunguti;
niliichemsha hadi jirani akafunga dirisha.
Msuka niliupasha moto kwenye jiko la mama Shida, anayetuuzia wali,
ukawa mwekundu, nikauingiza.
Moshi ukatoka kwenye lile tundu,
uzi mmoja, mwembamba.
Hamduni hakucheka.

Husemwa mwenye mpini ndiye mwenye kisu,
sisi wengine tumeshika makali.
Basi mimi ni nani?
Siku tatu nimeushika mpini, nimeupaka nta kwa kitambaa cha fulana,
na kisu hakijawa changu hata dakika moja.

Jumamosi akaja na viatu vya kazini, vyeupe.
Mama Shida akatoa kitunguu, na ubao, na macho.
Astelia akakata.
Vipande vikalala kama karata.
Gumba lake lilikuwa linatafuta kitu, huku na huku,
kisha likaacha kutafuta.

Akalipa. Hakuomba nipunguze, nami nilikuwa nimejiandaa kupunguza.
Akakiviringa kisu kwenye taulo lile lile
akavuka dimbwi, akaenda.

Kipande cha fremu kilichobaki kipo juu ya rafu.
Bado kina bawaba.
Hamduni anakitaka kwa kabari.
Nimemwambia atafute kingine.